Msaragambo nyuma ya duka la Mama Zubeda

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, mwaka jana, tulifika kazini tukakuta kufuli jipya mlangoni. Chuo chetu cha lugha, tawi la Same, kilikuwa kimefungwa. Ndani vilibaki viti, ubao, birika la chai, koti la mvua la Mwalimu Kiangi, na kikapu cha Mwalimu Mchome. Hivyo vingine mtu angeweza kununua tena.

Mwalimu Kiangi ndiye aliyeniomba niandike haya. Siku hizi ana darasa lake mwenyewe na vijana wawili wanaomsaidia, na anasema wanafundisha kama wanaosoma taarifa ya habari. "Mama, waandikie jinsi tulivyofanya kazi," aliniambia. "Mimi wananiona rika lao, hawanisikii." Nimekubali kwa sababu nimestaafu, na kuku wangu hawahitaji mwalimu. Elimu yangu ni kidato cha nne. Wasitegemee makubwa.

Kabla ya ualimu nilikuwa nakatisha tiketi za basi pale stendi. Kiingereza nilikipata shule, lakini kilikomaa dirishani, kwa kuwaeleza wageni kwa nini basi la saa nne halijafika saa saba. Siku moja mzee mwembamba mwenye tai, katika jua la Same la mwezi wa kwanza, alisimama pembeni akanisikiliza mpaka mgeni wangu akaenda kukaa ametulia.

"Binti," akasema, "unaeleza vizuri jambo lisiloelezeka. Njoo ufundishe."

Huyo ndiye Mwalimu Mchome, mtu wa Mbaga, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye alishindwa kukaa nyumbani. Chuo kilikuwa ndiyo kwanza kimefunguliwa. Asubuhi tulifundisha Kiingereza kwa watu wa hapa: wenye maduka, manesi, madereva, wakulima wa tangawizi kutoka milimani. Mchana tulifundisha Kiswahili kwa wageni waliokuja kufanya kazi wilayani.

Siku yangu ya kwanza nilipewa darasa la wanaoanza. Nilisimama na kitabu cha chuo nikasoma somo la kwanza, lililohusu familia inayosubiri treni kwenye theluji. Wanafunzi waliandika kimya kimya. Nikaona kazi inakwenda vizuri. Mwalimu Mchome, aliyekuwa amekaa nyuma, akaja mbele akanichukulia kitabu taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu.

"Nani hapa ana treni?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa nayo. Akaweka mezani kikapu cha ukindu, alichosuka mkewe. Ndani mlikuwa na tangawizi, kitunguu, kijiko, kibiriti, tiketi ya basi iliyochakaa, kandambili moja, na kufuli lisilo na ufunguo. Sheria yake ilikuwa moja: unampa mwanafunzi kitu mkononi, na hakiweki chini mpaka aseme neno juu yake. Fundi mmoja wa baiskeli alishika kitunguu mpaka wakati wa chai. Alipokuja kukisema, kilimtoka pamoja na machozi, na hakukisahau tena. Nami sikukishika tena kile kitabu, isipokuwa kuzuia mlango usijipige na upepo.

Ninyi mnaoanza mtauliza kuhusu mwanafunzi mgumu. Wangu alikuwa mtaalamu wa maji kutoka Ulaya, aliyekuja kusaidia kukarabati ndiva, yale mabwawa yetu ya milimani tunamohifadhi maji ya kumwagilia mashamba. Alikuwa mtu mwema. Ngeli alizijua zote kwa mpangilio kuliko mimi niliyekuwa nazitumia tu. Lakini kufungua kinywa, hapana. Aliogopa kukosea. Nilimtuma chumvi dukani kwa Mama Zubeda, jirani yetu, ambaye ukoo wao umefanya biashara kando ya barabara ile tangu enzi za babu zake. Akaenda, akaonyesha kidole, akalipa, akarudi na chumvi. Neno hata moja hakutoa. Nikamtuma tena. Nilirundika chumvi ya kutosha kukausha ng'ombe.

Mwalimu Mchome akaenda kuongea na Mama Zubeda. Siku iliyofuata tulimfuata mgeni wetu kwa nyuma, tukasimama kwa fundi viatu. Alipofika na kunyoosha kidole, Mama Zubeda aligeuka, akampa mgongo, akatazama rafu zake za sabuni.

"Mimi sioni," akasema. "Sema."

Mgeni akabaki na kidole hewani. Wateja wakaongezeka nyuma yake. Kijana wa bodaboda akapiga kelele, "Mzee, sema basi, nina abiria!" Shingo ya mgeni ikawa nyekundu, masikio yakafuata, kisha akapaza sauti kama anayeomba msaada baharini:

"Naomba chumvi!"

Foleni nzima ikapiga makofi. Yule wa bodaboda alimpa mkono. Mama Zubeda hakugeuka.

"Ya unga au ya mawe?" akauliza.

Tangu hapo ikawa desturi ya mtaa ule. Mwanafunzi wetu akinyoosha kidole, mwenye duka anageuka. Hata muuza matunda aliyekuwa hana ukuta wa kutazama alifumba macho.

Miaka ikaenda. Mkurugenzi wetu, kijana wa hapa hapa aliyehamia Dar es Salaam, alifungua matawi mengine kando ya barabara kuu. Kila mwaka kibao chetu cha nje kilikuwa kikubwa zaidi na madarasa yakawa madogo zaidi, na hilo peke yake lingetosha kutuambia jambo.

Mwalimu Mchome alifariki miezi michache kabla ya kufuli, wakati wa mvua za vuli. Tulimzika kwao Mbaga. Wakati wa kuaga, mjane wake alinipa kikapu. "Chukua," alisema. "Humu ndani kinanitazama." Nilikipokea. Kazini nilikiweka pale pale alipokuwa akikiweka yeye, upande wa kushoto wa meza, ingawa mimi natumia mkono wa kulia.

Januari iliyofuata akaja Bibi Namsifu. Alitoka Chome, juu kabisa, akashuka na gari la tangawizi, akaingia darasani na chupa yake ya chai.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu? Nataka Kiingereza."

"Cha kazi gani, mama?"

"Cha mjukuu."

Mwanawe, Elisante, alikwenda kusoma ughaibuni, akaoa huko, akafa huko. Mazishi yake Bibi aliyaona kwenye simu. Alibaki mtoto wa kike wa miaka minane, aliyepewa jina la bibi yake, naye ni Namsifu. Pasaka mama yake angemleta kwa mara ya kwanza aone kwao. Mtoto hakujua Kiswahili wala Chasu, lugha yetu Wapare. Walikuwa wanaongea kwa simu kupitia mpwa wa Bibi, aliyesoma.

"Huyo mpwa wangu ni mtu mzuri," Bibi akasema, "lakini mimi nasema mpaka koo linakauka, yeye anatafsiri maneno mawili. Mtoto anacheka. Sijui anacheka nini. Na mimi nataka nimwambie mwenyewe baba yake alivyoanguka kwenye ndiva."

"Alianguka lini?"

"Akiwa na umri kama wa huyo mtoto. Nilimtuma apeleke jogoo kwa shangazi yake. Akapita ukingoni, akateleza. Tulipofika maji yako kidevuni, na mkono mmoja uko juu, umemshika jogoo asilowe. Huyo jogoo hata unyoya mmoja haukulowa! Sasa hiyo mpwa wangu ataisemaje kwa maneno mawili?"

Nikamwandikisha. Alikuja Jumatatu na Alhamisi, siku za gari la tangawizi. Alikuwa na kichwa kizuri na subira ndogo.

Wakati huo mishahara ilikuwa imekwisha kukatika. Sitaeleza sana, kwa sababu kila mwalimu wa matawi yale ana hadithi hiyo hiyo. Nitaeleza simu moja tu. Mkurugenzi alipiga, Kiangi akaweka sauti ya juu mezani. Kiangi alikuwa mwalimu mwenzangu pekee aliyebaki, kijana wa Kifaru, mwepesi wa maneno.

"Walimu wangu," mkurugenzi akasema, "ninyi ni Wapare wenzangu. Mwezi huu tena tufanye msaragambo, tukiokoe chuo chetu."

Kwa asiye wa kwetu: msaragambo ni kazi ya pamoja. Pembe inalia, watu wanatoka na majembe kuzibua mfereji au kutoa tope kwenye ndiva. Hakuna anayelipwa, na asiyefika anatozwa faini.

"Bosi, pembe tumeisikia," Kiangi akajibu. "Ila aliyeipiga simwoni mferejini."

"Niko Dar nahangaika, ndugu yangu."

"Basi faini yako ni beberu."

Mkurugenzi akacheka. Nampa haki yake, alicheka kicheko cha kweli, cha mtu wa nyumbani. Halafu simu ikakatika, na hatukuisikia sauti yake tena.

Ndipo ikaja ile Jumatatu ya kufuli. Mwenye nyumba alikuwa amesimama barazani, hata yeye akiwa na aibu. Alikuwa hajalipwa kodi, kwa hiyo hakuna kitakachotoka mpaka mkurugenzi aje.

"Naomba kikapu tu," nikamwambia. "Si mali ya chuo."

"Mama, nikikupa kikapu, mwingine ataomba kiti."

Ilikuwa kweli, sikuweza kumlaumu.

"Na koti langu la mvua?" Kiangi akauliza.

"Mvua bado," mwenye nyumba akajibu.

Wanafunzi walikusanyika nje. Tuliwaambia ukweli wote tuliokuwa nao, ambao haukuwa mrefu. Kiangi alikuwa na hasira. Alisema anarudi Kifaru kulima, na kwamba hafundishi tena bure hata herufi moja. Alikuwa na haki. Nami nilijisikia hivyo hivyo, na zaidi ya hapo nilikuwa nalitazama dirisha, maana kupitia kioo niliona ukingo wa kikapu.

Watu wakaanza kuondoka. Bibi Namsifu hakuondoka. Alikaa juu ya gunia lake, akamimina chai.

"Huyo mkurugenzi alisema ni msaragambo?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa simu?"

"Kwa simu."

Akatikisa kichwa. "Ameukosea. Anayeuita ndiye anayetangulia kwenye tope. Tena anapika." Akanywa chai, akafikiri. Pasaka ilikuwa mwezi uliofuata. "Sasa mimi ndiye ninayeuita. Wewe kijana," akamwambia dereva wa bodaboda aliyekuwa karibu, "piga honi hiyo."

"Nipige kwa nini, bibi?"

"Sina pembe hapa. Piga!"

Kijana akapiga honi mpaka watu wakatoka madukani. Waliokwisha kuondoka wakageuka kutazama. Bibi akasimama, akasema kwa Kiswahili chake chenye Chasu ndani: yeye ana kazi haijaisha, anaita watu. Alhamisi atakuja na makande ya kutosha wote. Walimu wafundishe mpaka Pasaka, na wanafunzi wakimaliza watakwenda kuwafanyia walimu kazi, shamba kwa shamba, kama inavyofanyika. Na kwa sababu kikapu kimefungiwa, kila mmoja aje na kitu chake kimoja cha kutia kwenye kikapu kingine.

"Stoo yangu ya nyuma haina kitu," Mama Zubeda akasema kutoka dukani kwake. "Ila panya, nao wana adabu."

Sote tukamtazama Kiangi. Alikuwa ameshafunga mkoba wake.

"Faini ya asiyefika ni nini?" akauliza.

"Jogoo," Bibi akajibu.

Kiangi akautazama mkoba. "Nina mmoja tu, na ndiye anayeniamsha," akasema. Akaufungua mkoba.

Alhamisi ile stoo ilijaa kuliko chuo kilivyowahi kujaa. Fundi wa baiskeli alileta mnyororo. Nesi alileta bandeji. Mlinzi wa Kimaasai alileta kibuyu kidogo cha maziwa. Mkulima wa Maore alileta shuke la mpunga. Bibi Namsifu alileta sufuria la makande, na tope la ndiva ndani ya kopo la majarini. Kikapu kipya kilikuwa cha plastiki, cha bluu, na kilikatika mkono wiki ya kwanza. Kiangi akaufunga kwa waya.

Kuhusu kazi yenyewe, ninyi vijana, angalieni hili. Bibi hakuhitaji Kiingereza chote. Alihitaji hadithi moja. Nikaivunja vipande: mtoto, njia, ukingo, maji, mkono, jogoo. Kila kipande alikuwa na kitu cha kushika. Tope lilifanya kazi nzuri sana. Neno lililomshinda ni jogoo. Likiingia leo, kesho limetoka. Mwishowe akamleta jogoo mwenyewe. Hakutosha kwenye kikapu. Alizunguka darasani, akadonoa mpunga wa yule wa Maore, akamfukuza nesi juu ya benchi, na siku hiyo darasa zima, pamoja na wapita njia, lilijua jogoo anaitwaje kwa Kiingereza.

Mama Zubeda naye alipata kazi. Alikuwa na maneno machache sana ya Kiingereza, lakini mawili kati ya hayo yalitosha: sioni, na sema. Wanafunzi walipotaka kitu wakati wa mapumziko aliwapa mgongo. Bibi alipofanyiwa hivyo mara ya kwanza alikasirika.

"Huyu mwanamke ana nini? Mtu mzima anampaje mtu mzima mgongo?"

"Ni Mwalimu Mchome aliyemfundisha," nikamwambia.

"Ndiye huyo wa Mbaga?"

"Ndiye."

"Basi," akasema, akageukia kaunta, akaomba sukari kwa Kiingereza.

Kikapu cha zamani sikukipata. Mwenye nyumba alichoka kungoja, akauza vyote vilivyokuwa ndani. Siku moja sokoni nilikiona kwa mama mmoja muuza nyanya. Alikuwa amekipanga vizuri, nyanya ndogo chini, kubwa juu. Nilinunua nyanya nyingi kuliko nilizohitaji. Kilikuwa kimewekwa upande wake wa kushoto.

Wiki ya kabla ya Pasaka tulimaliza. Wanafunzi walikwenda Kifaru wakapalilia mahindi ya Kiangi kwa siku moja, kazi ambayo peke yake ingemchukua juma zima. Kwangu walijenga banda la kuku, hili ninaloliona nikiandika. Mlango wake unafungukia upande usio sahihi, lakini kuku wamezoea. Madai yetu ya mishahara tuliyafikisha panapohusika, pamoja na walimu wa matawi mengine, na mpaka leo yanaahirishwa.

Jumatatu ya Pasaka mimi na Kiangi tulialikwa Chome. Kulikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Tulimkuta mpwa amevaa suti, yuko tayari kutafsiri.

"Wewe leo kaa ule," Bibi akamwambia.

Namsifu mdogo alikuwa amekaa na mama yake kwenye kochi, magoti pamoja, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Bibi akavuta kigoda akaketi mbele yake. Akaweka kikapu cha bluu chini. Akampa lile kopo la tope, kisha akaanza. Alikwenda polepole. Kwenye ukingo alisimama, nikaona midomo yake inatafuta. Nilikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Kiangi aliacha kutafuna. Bibi alipata neno, akavuka. Alipofika kwenye maji akaweka mkono chini ya kidevu, na mkono mwingine akauinua juu kabisa. Na jogoo alimsema sawasawa, kwa sauti ya darasa zima.

Mama wa mtoto alikuwa amegeukia dirishani. Mtoto hakucheka. Aliuliza kitu kwa haraka, Bibi hakukipata. Akauliza tena, polepole: je, jogoo alilowa?

"Hapana," Bibi akajibu kwa Kiingereza. "Hata kidogo."

Mtoto akatazama tope mkononi, akainua mkono wake wa kulia juu, akauacha pale kwa muda, akitazama vidole vyake.

Mpwa akasema chakula kinapoa. Tulikula, tukaongea, mpwa akapata kazi yake kwa mama wa mtoto, na nakiri alifanya vizuri, hata zaidi ya maneno mawili. Chai ilipokuja, Namsifu mdogo alikuwa ameshazoea nyumba. Alikwenda mpaka kona ulipowekwa mkungu wa ndizi mbivu, akamtazama bibi yake, akanyoosha kidole.

Bibi Namsifu akainuka. Akageuka, akampa mtoto mgongo, akatazama ukuta.

"Sioni," akasema kwa Kiingereza. "Sema."

Mtoto akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Nikatazama chai yangu. Kiangi alifunika mdomo kwa mkono.

"Ndizi," mtoto akasema kwa Kiswahili, neno alilolisikia wakati wa chakula.

"Ndizi ngapi?" Bibi akauliza ukuta, kwa Kiswahili hicho hicho.

Mtoto akafikiri, akainua vidole viwili, akangoja. Bibi hakugeuka.